Kaburi la Mheshimiwa Nyuma ya Laibrari

Babu yangu, Mheshimiwa Githongo, alichimbiwa kaburi akiwa hai, akisimamia kazi mwenyewe na kofia yake ya kampeni kichwani.

"Nyoosha hiyo kona," alimwambia Ngui, fundi wa mawe. "Mimi si mbwa wa kutupwa."

Watu wa Isinya walisema amerukwa na akili. Lakini elewa hivi: Guka, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alitajirika kwa machimbo ya mawe Kitengela, akaingia Bunge, kisha kura zikamtema. Wengine wakianguka hununua dawa za presha. Yeye alijenga chuo kikuu, kwa mawe yake, kwa shamba lake. Shida ni moja tu: hati ya shamba iko na majina mawili, lake na la mwanawe, Anko Kiama, na Anko amekataa kusaini lipewe chuo. Anangoja Guka afe, akate ploti, auze.

Jumatatu Anko akaleta mnunuzi aone shamba mapema: Aweys, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nami nikawafuata, maana sinema ya bure hainipiti.

"Haya yote tutabomoa," Anko akasema, akiyapita madarasa kama hayaoni.

Wakazunguka laibrari. Guka alikuwa ameketi ndani ya kaburi, kichwa tu nje, anakunywa chai.

"Karibuni kwangu."

Aweys akarudi nyuma. "Kiama, hukuniambia kuna kaburi."

"Si kaburi, ni shimo! Halina mtu!"

"Mtu namwona, anakunywa chai. Ndugu yangu, mimi sijengi juu ya mtu. Na Kitengela nzima hutapata wa kununua ploti yenye kaburi." Akamgeukia Guka, mkono kifuani. "Mzee, Mungu akuweke." Akaenda kwa gari lake.

Anko akanyakua sepetu ya Ngui. "Baba, toka. Nafukia hii kitu!"

"Fukia. Anza na mimi."

Wanafunzi walikuwa wametoka darasani, wamejaa ukingoni. Anko akainua sepetu, akawatazama.

"Bungeni mlinitoa kwa kura," Guka akasema. "Hapa nitatolewa na nani?"

Anko akatupa sepetu, akaondoka bila kuaga mtu. Guka akanipa kikombe nimwongezee chai, kisha akapima kuta za mawe kwa viwiko.

"Ngui, inanibana mabega. Panua polepole. Sina haraka."