Kivuli cha Hospitali ya Klenovishte

Jumatatu asubuhi Injinia Radka Milusheva alifika kiwanja cha ndege cha Klenovishte na kahawa yake ya mashine kwenye kikombe cha plastiki, akakuta ukuta wa mashariki wa banda la ndege umeanguka tena. Ulikuwa umelala chali kwenye majani, mzima mzima, bila hata ufa. Zege lilikuwa zuri na nondo zilikuwa za kipimo. Msingi aliukagua mwenyewe. Alimaliza kwanza kahawa yake, ndipo akauliza.

"Sasa huu una nini?"

"Hautaki, Injinia," alisema Fundi Gatyo, mwashi mzee aliyejikunjia kofia ya gazeti kichwani. "Mara ya tatu hii. Hautaki kusimama bure."

"Bure kivipi? Saruji tumenunua, nondo tumenunua, na wewe unakula mshahara."

"Saruji ni shauri letu sisi. Jengo lenyewe halijapewa kitu. Halijapewa kivuli."

Radka hakubisha. Kila mtu Klenovishte alilijua jambo hilo. Mwashi hupima kivuli cha mtu kwa uzi, akauzika uzi ule kwenye msingi, na jengo likasimama mpaka wajukuu wa wajukuu. Mwenye kivuli ndiye hupungua, akakonda taratibu mpaka akaisha. Ndiyo maana watu wa huko hawakatizi kwenye ujenzi jua likiwa mgongoni. Daraja la mtoni linasimama kwa kivuli cha mpiga zumari mmoja, na stesheni ya reli kwa kivuli cha mke wa stesheni masta, ambaye picha yake bado imetundikwa pale kwenye dirisha la tiketi.

"Basi tafuta mtu," alisema Radka kwa uchovu.

"Mtu hatoshi. Banda lote hili? Mtu mmoja litamla kama mbegu ya alizeti na kesho liko chini. Kwa jengo kubwa hupimwa kivuli cha mwenye kulipa. Nani analipa?"

Hilo nalo kila mtu alilijua. Wodi ya moyo ya hospitali ya mji ilikuwa imetengewa fedha za paa jipya na mabomba mapya, na madiwani walikuwa wamepiga kura fedha hizo zihamie kwenye banda, lirefushwe na kupanuliwa, ipate kuingia ndege mpya ya Bwana Hadzhikolev mwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Ili kura ipite ilihitajika sahihi ya mtaalamu kwamba paa la hospitali linaweza kusubiri. Mtaalamu wa manispaa alikuwa Radka. Alisaini kwa shingo upande, lakini sahihi haioneshi shingo.

"Hospitali ndiyo inalipa," alisema.

Fundi Gatyo alimtazama kidogo, akachukua uzi wake.

Walikwenda na gari la manispaa. Jua lilikuwa bado chini, na kivuli cha hospitali kilikuwa kimelala juu ya maegesho yote, kikapita mabenchi na kibanda cha mama muuza mbegu, kikaishia kwenye ukuta wa shule. Mzee alihitaji mtu wa kumshikia ncha.

"Shika hapa pembeni, Injinia. Usilegeze."

Radka alipiga goti penye kona ya jengo akashika. Dirishani, ghorofa ya tatu, mama yake alimwona, akagonga kioo, akampungia mkono. Bi Tinka alikuwa amelazwa wodi ya moyo tangu Pasaka, na mpira wa oksijeni puani uliotoka ukutani. Radka naye alipunga kwa mkono uliokuwa mtupu. Mtu hukonda kwa sababu ana roho, alijiambia, lakini hospitali ni matofali, na matofali hayakondi. Hapo ndipo alipokosea, na aliyakosea hayo akiwa amepiga goti, ukuta wa hospitali begani pake.

Uzi ulizikwa siku hiyohiyo. Ukuta uliinuliwa, ukasimama wima kama askari wa gwaride.

Kabla ya wiki kwisha hospitali ikakosa kivuli. Jua la Juni liliwaka pande zote nne za jengo. Wagonjwa waliozoea kuvutia sigara upande wa magharibi walihamia chini ya miti ya shule, na mama muuza mbegu akahamisha kibanda chake huku akitukana. Zaidi ya hapo hakuna aliyelalamika. Watu wa Klenovishte walishazoea kuondokewa. Ilianza treni, kikafuata kiwanda cha soksi, kisha watoto wao wakaenda Ujerumani na Uhispania. Kivuli kilikuwa kitu kidogo.

Kisha vikaanza kuondoka vyumba. Kwanza ilikwenda korido ya mazoezi ya viungo, na watu waliofika na magongo yao wakakuta ukuta mtupu, wakageuka. Zikafuata ngazi za nyuma, halafu jiko. Jengo halikubomoka wala kuacha vumbi. Lilisogea tu ndani kidogo, kama mtu anayewapisha wengine kwenye benchi, na kila asubuhi lilikuwa jembamba kuliko jana.

Na kila asubuhi banda la ndege lilikuwa refu kuliko jana. Mlinzi alifungua akakuta sehemu mpya yenye vigae vya kijani, ndoano za kutundikia makoti, na bango la kuwafundisha watu kunawa mikono. Mkandarasi alikuja akapima, akaandika kwamba kazi imekamilika, akalipwa. Meya Karadelkov alitangaza redioni kwamba mradi unakwenda mbio kuliko ratiba, jambo ambalo halikuwa limeonekana mkoani tangu enzi za chama kimoja.

Radka alikwenda kumwona ofisini.

"Mheshimiwa, hospitali inaisha."

"Injinia wangu, kaa kwanza. Kahawa?"

"Sitaki kahawa. Jana imeondoka maabara. Leo ni bomba kuu la oksijeni. Mama yangu anapumua kwa mtungi."

"Mama yako ni mtu wa maana sana, alinifundisha mimi darasa la pili. Bado ana ule mkono wa kuvuta masikio?" Meya alicheka, kisha akashusha sauti. "Niambie tu, ukuta umesimama?"

"Umesimama."

"Basi?"

"Ung'olewe. Msingi ufukuliwe, uzi utolewe."

"Ijumaa Bwana Hadzhikolev anatua hapa na wageni wake, na wewe unataka nimpokee na sururu? Dada yangu, kwani karatasi ya kusema paa linaweza kusubiri niliandika mimi?"

Radka alishuka ngazi za manispaa akiona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa nzito na ya zamani, si ya siku ile. Kwa miaka mingi alikuwa akitia sahihi vitu vya namna hii, na kila mara alikuwa akijiambia kwamba hiki ni kidogo.

Alimkuta Fundi Gatyo anakula mkate na jibini chini ya bawa la ndege ya kunyunyizia dawa mashambani.

"Mzee, pima changu."

"Chako nini?"

"Kivuli. Pima changu uzike, kile cha hospitali utoe."

Mzee alitafuna mpaka akamaliza. Alisimama akamzunguka, akautandaza uzi kwenye lami, kutoka visigino vyake mpaka mwisho wa kichwa, kwa heshima kabisa, kama fundi cherehani anayempima bibi harusi. Kisha akauviringisha uzi akautia mfukoni.

"Ungekuja kabla sijapima kile, sawa. Sasa banda limeshaonja wodi nzima. Nikililipa kivuli chako litanicheka."

"Na cha meya?"

"Nilishajaribu. Niliona tangu vilipoanza kuondoka vyumba, nami nina mke ambaye kesho ataugua. Nimemvizia siku mbili nje ya manispaa. Hatoki juani yule. Anatoka mlangoni anaingia garini, na dereva anasogeza gari mpaka kwenye kizingiti." Alitikisa kichwa. "Wenzake wote vilevile. Wanajua, Injinia. Hawa wanajua kuliko sisi."

Radka alikwenda hospitalini. Kufikia hapo hospitali ilikuwa na upana wa chumba kimoja, na ili kufika ghorofa ya tatu alipanda ngazi ya wazima moto iliyoegemezwa dirishani. Wagonjwa walioweza kuishuka walikwisha kupelekwa nyumbani. Bi Tinka alikuwa amekaa kitandani, nywele zimechanwa vizuri, midomo ina rangi ya plamu. Daktari Uzunov alikuwa anafunga sanduku lake. Kazi ya Ujerumani aliipata tangu majira ya baridi, na alikuwa amekawia kwa ajili ya wagonjwa kiasi alichoweza.

"Mtungi huu utafika Jumapili," alimwambia Radka pembeni. "Mwingine sina. Wanaoleta mitungi wanataka hospitali yenye maabara na lifti. Hii haina tena, kwa hiyo kwao si hospitali."

"Nikimpeleka mji wa mkoa?"

"Kwa barabara ile? Moyo wake hautafika hata kwenye daraja." Alimshika bega. Alikuwa na macho mekundu. "Nisamehe, Injinia. Mimi pia nina watoto."

Radka alikaa na mama yake, akamnywesha supu ya kuku aliyopanda nayo ngazi kwenye chupa ya chai.

"Mama, ni mimi nilisaini."

"Najua. Mwanamke wa kitanda cha pili alinisomea gazeti, kabla hajaondoka na kitanda chake."

"Hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Una kazi. Wenzako wote wa darasa moja wanachuma stroberi za Wahispania." Alipumua, akapumua tena. "Chumvi umepunguza. Supu imekuwa ya wagonjwa."

"Wewe ni mgonjwa, mama."

"Hiyo si sababu."

Ijumaa kabla ya saa nne hospitali haikuwepo. Palikuwa na uwanja mtupu, na mama muuza mbegu alikwisha kurudisha kibanda chake pale palipo wazi, kwa sababu biashara ni biashara. Radka hakusimama kuangalia. Aliwasha gari akaenda moja kwa moja kiwanja cha ndege, kwa kuwa alijua chumba cha mwisho kimekwenda wapi.

Banda lilikuwa limefunguliwa milango yake yote. Lilikuwa kubwa kupita ramani aliyoichora, refu, safi, na mwisho wake kabisa, chini ya taa, kilisimama kitanda cha Bi Tinka na mtungi wake pembeni. Alikuwa amejifunika mpaka kidevuni kwa sababu ya upepo.

"Baridi kidogo," alisema. "Na panatoa harufu ya mafuta ya taa. Lakini dari halivuji."

Wageni walikuwepo, na bendi ya shule, na msichana aliyeshika mkate na chumvi wa kupokea wakubwa. Padri alinyunyizia maji kuta, na alipofika kwenye kitanda alimnyunyizia Bi Tinka pia, kwa kuwa alikuwa njiani. Meya alisema maneno marefu kuhusu kesho ya mkoa. Alipomwona mwalimu wake aliinamisha kichwa, akarudi kwenye karatasi yake. Nje, ndege ya Bwana Hadzhikolev ilikuwa ikivutwa na trekta kuja mlangoni, nyeupe, mabawa marefu. Trekta likasimama.

Mwenyewe Bwana Hadzhikolev alishuka. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kuomba kwa adabu. Alitazama bawa la kushoto, akatazama kitanda.

"Bibi, samahani sana," alimwambia Bi Tinka. "Sijui kama inawezekana kusogea kidogo. Pale ukutani tu. Bawa haliwezi kupita."

"Bila shaka, mwanangu," alisema Bi Tinka. "Ndege lazima iingie."

Watu wakatazamana nani asogeze. Walinzi hawakuajiriwa kwa kazi ya vitanda, na manesi hawakuwepo tena. Meya alimtafuta Radka kwa macho katikati ya watu, akampata.

"Injinia, wewe ndiye unayejua vipimo."

Na kweli alivijua. Alijua upana wa bawa na upana wa banda, na alijua bila kupima kwamba hatua tatu kuelekea ukutani zingetosha. Alimwona Fundi Gatyo amesimama nyuma ya bendi, amevua kofia ya gazeti, anatazama chini. Radka alifungua breki za magurudumu ya kitanda kwa ncha ya kiatu. Mtungi aliuweka miguuni mwa mama yake, akauegemeza vizuri usije ukaanguka, kwa sababu ulikuwa wa kufika Jumapili. Kisha akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na kusukuma. Alikuwa analia, na hakuna aliyemwona vibaya kwa hilo; wengine walidhani ni furaha ya kumaliza mradi.

Trekta lilinguruma, na ndege ikaanza kuingia polepole juu yao, bawa likipita karibu kabisa na kichwa cha kitanda.

"Taratibu, mwanangu," Bi Tinka alimwambia, akiinua mkono kulikinga bawa. "Usije ukaikwaruza ndege ya watu."