Nahodha Aliyeacha Kubisha Hodi

Tangu presha ya macho imnyang'anye Mwalimu Harith nuru yake, dunia yote ilimfikia kwa mdomo wa mkewe, Bi Huwaida. Nani kapita mtaani Mkomani, samaki gani yumo sahanini, na kila Jumamosi baada ya alasiri, yaliyotokea katika *Safina ya Nyota*.

Tamthilia hiyo ya runinga walianza kuitazama mwaka waliooana. Zama hizo nahodha wa chombo cha angani alikuwa mtu na adabu zake. Hakutua kwenye sayari ya watu bila kuomba ruhusa, na Huwaida, aliyesomesha Kiingereza miaka thelathini, alimfasiria mumewe asiyekijua ombi lile kwa neno moja: hodi. Mwalimu akapendezwa mno. Chuoni alikosomesha Kurani aliwaambia wanafunzi wake kwamba hata watu wa angani hubisha hodi mara tatu, wasipoitikiwa hurudi zao.

Kisha watunzi wakabadilika. Nguo za rangi zikawa nyeusi, taa za chomboni zikafifizwa, na nahodha mpya, mwanamke aliyefiwa na kila mtu, akawa mtu wa kulia, kutukana na kufyatua kwanza. Huwaida aliuchukia msimu ule, na kwa kuwa aliuchukia akautengeneza katika kusimulia. Mlipuko ukitikisa vikombe kabatini, alisema wanasherehekea. Nahodha alipomkaba balozi mmoja koo, Huwaida alisema wamekumbatiana, na balozi ana kifua, ndiyo maana anakoroma.

Mambo yaliharibikia barazani. Adnan, jirani yao muuza vitambaa, alihadithia jinsi nahodha alivyoiteketeza sayari nzima bila hata salamu. Mwalimu akamwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo na riwaya yake, kama ya mpokezi dhaifu wa hadithi, haipokelewi. Adnan akasusa. Siku tisa hakuja kumshika mkono kwenda msikitini, na Mwalimu akawa anaswali nyumbani.

Siku ya kumi Huwaida alishindwa na dhamiri. Akamweleza mumewe yote, kipindi kwa kipindi, mpaka kifua cha balozi.

"Adnan alosema ni kweli?" Mwalimu aliuliza.

"Kweli tupu."

Mwalimu akasema basi itambidi aende kumtaka radhi. Akapapasa bakora yake, akaipata, lakini hakuinuka.

"Na Hayat?"

Hayat ni binti yao wa pekee, yuko Nairobi, na kila Ijumaa Huwaida humsomea Mwalimu ujumbe wake kwenye simu. Huwaida akauliza Hayat kafanya nini.

"Kila Ijumaa aniuliza hali, ataka nimuombee dua. Maneno ni yale yale. Uliyaona kwa mato yako?"

Huwaida akaketi. Ujumbe wa mwisho wa binti yake uliingia mwezi wa Rajabu, na sasa ni Mfunguo Tatu, miezi mitano imepita. Akaifungua simu, akausoma kama ulivyoandikwa.

"Mama, msinitafute tena. Baba mwambie lolote utakalo."

Mwalimu akamwomba ausome tena.