Bwana Amesema Taa Isizimwe

"Madam Rumaisa, habari ya asubuhi. Bwana Jalal amesema taa ya kitandani isizimwe usiku, yeye hulala taa ikiwaka. Tumeshaandika. Ubarikiwe. Ni mimi Dalmas wa mapokezi."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimekaa mkekani chumbani kwangu, Bondeni, kwenye nyumba ya wazazi wangu hapa Nakuru. Jua la saa nne lilikuwa limefika miguuni pangu. Jalal alikuwa mume wangu, na siku hiyo ilikuwa ya ishirini na nne tangu tumzike.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mtu akiona la ajabu lazima apige kelele. Niliiweka simu chini polepole, nikaenda msalani, nikanawa uso mara mbili, nikarudi. Ujumbe ulikuwa bado upo. Miaka mitatu imepita sasa, na kila ninapolikumbuka jambo hili huanzia hapo, si kwenye nikaha wala si kwenye maziko. Ni hapo nilipoanza kumjua niliyeolewa naye.

Nikaha yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa Oktoba, msikitini, baada ya sala ya alasiri, nami sikuwepo. Kwetu bibi harusi haendi. Mjumbe wa shekhe alikuja hadi dirishani na mashahidi wawili, akaniuliza kupitia pazia kama nimekubali kuolewa na Jalal. Akauliza tena, na mdogo wangu Najwa akanifinya paja, nikasema ndiyo. Basi, nikawa mke wa mtu huku nimevaa soksi zenye tundu. Harusi, yaani kupambwa, karamu na kuingia nyumbani kwa mume, iliwekwa mwisho wa Desemba, Jalal akipata likizo. Alikuwa fundi kwenye mitambo ya mvuke kule Naivasha. Kati ya nikaha na harusi ningebaki kwa wazazi, na alikuja kunitembelea mara moja tu. Alinishika mkono sebuleni, na mama yangu akapita mbele yetu mara nne akiwa amebeba chupa ileile ya chai.

Fungate yetu ilikuwa zawadi ya wenzake kazini: siku tano kwenye hoteli ya kisiwani, upande wa Lamu. Jalal alicheka hadi akakohoa aliponiambia. Ukoo wake, kama wetu, ulitoka pwani enzi za babu wa babu, lakini yeye bahari alikuwa hajaiona. Nilimwita Mswahili wa ziwani. Kila jioni akitoka kazini alinipigia simu, nasi tukapanga tutaamka saa ngapi, tutakula nini, nani atamwamsha nani. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kupanga siku tano na mtu ambaye bado humjui.

Siku ya kumi na tisa ya ndoa yetu palikuwa na ukungu, na gari alilopanda lilipinduka karibu na Gilgil.

Nikaingia eda. Ni miezi minne na siku kumi. Mke aliyefiwa hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na sheria haiulizi kama mume alishawahi kulala naye. Nikaha ikishafungwa, yatosha. Kwa hiyo sheria ilinihesabu, watu ndio hawakunihesabu. Wanawake waliokuja matangani walikaa mbali nami kidogo, na nilimsikia mmoja akiuliza, "Eda ya nini, na hata hakuingia ndani?" Mama yake Jalal, Bi Khadijo, mshonaji wa mabuibui anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu, alinitazama siku ya maziko akasema mbele ya wote:

"Wewe bado msichana. Utaolewa. Mimi ndiye nimefiwa."

Baada ya hapo hakukanyaga kwetu. Nilimchukia, na sina haja ya kulipamba neno hilo. Sikutaka urithi, sikutaka hata nguo yake moja. Nilitaka mtu mmoja aseme kwamba nilikuwa mke wa Jalal, na mtu huyo alikuwa yeye, maana neno la mama mzazi ndilo lingewafunga wengine midomo.

Siku ya kumi na moja ya eda hoteli ilituandikia, Jalal na mimi, kila mmoja kwenye simu yake. Walikuwa wakituandalia chumba, na walikuwa na maswali. Mito laini au migumu? Kuna chakula kinachowadhuru? Mngependa kuitwaje mkifika? Nilianza kuandika, "Bwana Jalal amefariki," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Juu ya ujumbe ule paliandikwa "Bwana na Bi Jalal", na hapakuwa na mahali pengine popote duniani nilipoitwa hivyo. Nikajibu: mito laini. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, nikachagua mto wa marehemu.

Nilidhani nadanganya peke yangu. Kisha ukaja ule ujumbe wa taa.

Simu yake tuliambiwa ilipotelea kwenye ajali. Nilikaa na jambo hilo kichwani siku nzima, kisha nikaipiga namba yake. Iliita. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Sikuthubutu kurudia. Niliogopa isipokelewe, na niliogopa zaidi ipokelewe. Siku zilizofuata nilikuwa nikisikia mlango wa nje, naacha nilichokishika nasikiliza. Pazia la dirishani likitikisika, lile pazia nililoolewa nyuma yake, nilikuwa nangoja mtu aniulize kitu kwa mara ya tatu.

Asubuhi moja nilijikaza kisabuni nikamwandikia Dalmas: muulize mume wangu anakunywa nini akiamka.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Amesema chai ya rangi, tangawizi iwe nyingi mpaka ikwaruze koo."

Hilo sikulijua. Kwenye simu hatukuwahi kufika kwenye chai. Nikauliza jingine, na kesho yake jingine. Amesema asiwekewe pweza, alimla akiwa darasa la pili akavimba midomo, wenzake wakamcheka wiki nzima. Amesema asipelekwe kuogelea kwenye kina, alianguka ndani ya tangi la maji akiwa na miaka sita, akakaa humo gizani hadi wakamsikia, ndiyo sababu ya taa. Amesema akikasirika asisemeshwe, apewe tu kitu cha kurekebisha. Dalmas alikuwa akigeuza kila neno kuwa "amesema", kwa hiyo sikuweza kumwona aliyekuwa nyuma yake. Ndoa yetu ilikuwa imepita kwa wajumbe tangu mwanzo, na huyu alikuwa mjumbe kama wale wengine. Kila asubuhi, mume niliyekuwa nimemzika aliongezeka kidogo.

Nilikuwa na furaha. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliamka nikingoja, niliogopa na nilingoja.

"Madam, si umuulize tu mwenyewe?" Dalmas aliniandikia siku moja. "Ama mmekosana kidogo? Hahaha."

"Yuko mbali," nilijibu. "Simu yangu haimpati."

Wiki ya kwanza ya Desemba alinitumia sauti. Alisema Bwana amejirekodi, labda kwa bahati mbaya, wao hawasikii kitu, pengine mimi nitaelewa. Ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Nilitaka kuifuta bila kuisikiliza. Nikaibonyeza, nikaishikilia sikioni kwa mikono miwili.

Kwanza palikuwa na pumzi, mtu anapumua karibu sana. Halafu mlio wa chuma, kwi, kwi, kwi, ukasimama, ukaanza tena. Mwisho, kikohozi.

Najwa alikuwa mlangoni na sahani ya ugali na sukuma. "Si hiyo ni mashine ya Bi Khadijo?" alisema. "Hiyo pedali inalia hivyo tangu tuzaliwe."

Alikuwa sahihi. Buibui langu la nikaha lilishonwa kwenye cherehani ile. Nilimsimulia yote, kwa kuwa sikuwa tena na nguvu za kuficha. Najwa alikaa chini, akasahau sahani mapajani.

"Wewe na yeye mmeshikwa na uchizi," alisema mwishowe. "Serious, Rumaisa. Ambia huyo jamaa wa hoteli ukweli, na huyo mama umblock. Simu ya bwanako amekaa nayo tu kimya!"

Nilikasirika. Bi Khadijo alikuwa amenipokonya maiti, sasa amenipokonya na mzimu. Kwa siku tatu sikuandika neno. Nilikaa mkekani nikipanga matusi ambayo sitawahi kuyatoa. Lakini hasira ina kawaida ya kuchoka, na yangu ilipochoka niliona jambo nililokuwa nimelipita. Dalmas hakuwa akiuliza maswali hewani. Bila shaka alimwandikia, "Bibi anauliza." Kwa hiyo Bi Khadijo alijua ni mimi, tangu swali la kwanza. Mama aliyekataa kunipa salamu alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, miwani puani, akibonyeza herufi mojamoja kwenye simu ya mwanawe ili kuniambia mimi, si mwingine, kwamba mtoto wake aliwahi kuanguka kwenye tangi. Angeweza kunyamaza, na hakunyamaza.

Nilijua ni nani sasa. Na bado niliendelea kuuliza, naye akaendelea kujibu.

Katikati ya mwezi Dalmas akaleta swali lake mwenyewe. Hoteli hudarizi majina ya maharusi kwenye mito, mmoja kila upande, na fundi wa kudarizi alitaka kujua: Bwana Jalal hulala upande gani wa kitanda?

Nilimwambia amuulize Bwana.

Siku ya kwanza ikapita kimya, na ya pili. Nilikuwa nikisali huku jicho moja liko kwenye simu, Mungu anisamehe. Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, ujumbe ukaingia.

"Madam, Bwana amesema hajui. Amesema tumuulize mke wake, jambo hilo mke ndiye hujua."

Nililisoma neno lile, mke wake, mpaka herufi zikaanza kuogelea. Ndilo nililokuwa nimelitaka kuliko chochote, na lilikuja limefungwa ndani ya swali nisiloweza kulijibu. Mimi pia sikujua. Mama yake alimjua Jalal wa kitanda cha mtu mmoja. Wa kitanda cha wawili ningemjua mimi, katika siku zile tano, na siku hizo hazikuja. Hakuna mtu duniani aliyejua Jalal alilala upande gani kando ya mkewe. Nililia siku hiyo kilio ambacho sikulia kwenye maziko, na mama yangu alipokuja mbio nilishindwa kumweleza ninalilia mto.

Nilipotulia nikaandika, na safari hii sikufuta.

"Dalmas, hatutakuja. Jalal alifariki Oktoba, tarehe ishirini na tano. Niko eda. Nisamehe kwa kukusumbua. Nakuomba jambo moja la mwisho: iandikie ile namba yake, useme mkewe naye hajui."

Niliona akianza kuandika, akiacha, akianza. Ilimchukua muda mrefu kijana wa watu.

"Pole sana, mama," aliandika hatimaye. Hakuniita tena madam. "Nimetuma."

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilisikia Najwa akifungua mlango wa nje. Bi Khadijo aliingia hadi mlangoni mwa chumba changu. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ishara kwamba aliondoka kazini bila kupanga. Alikuwa amekonda. Simu ya Jalal alikuwa ameishika mkononi, kioo chake kimepasuka kona hadi kona. Alinitazama nilivyokaa, nguo yangu ya kijivu, nywele ambazo sikuwa nimezitia mafuta tangu Oktoba.

"Umekula?"

"Bado, mama."

Alitikisa kichwa kana kwamba hilo alilitarajia. Akaangalia mkeka, akaangalia ukuta.

"Zimebaki siku ngapi?"

Sikuhitaji kupiga hesabu. "Sabini na sita."

Akavua viatu vyake mlangoni, kimoja baada ya kingine, akishikilia fremu kwa sababu ya magoti.

"Haya, sogea," alisema. "Tuzikae."