Moshi Mweusi, Gauni Jeupe

Mzee Bartolomayo aliingia gereji kwangu Makole ndani ya wingu jeusi. Kwamba humo kulikuwa na Pijo 504 yake, nilijua kwa honi.

“Shikamoo baba. Umekuja na gari au na tanuru la mkaa?”

“Marahaba, Priska. Cheka huku unafanya kazi. Mchana nampeleka Yasinta kanisani na gauni jeupe.”

“Kwa moshi huu atashuka na nguo ya msiba.”

Mkewe akashuka upande wa pili. Sare ya harusi anayo, ya zambarau yenye maua ya dhahabu, ila kichwa kitupu. Fundi cherehani kamwibia kitambaa cha kilemba, alisema, na hawasalimiani tena.

Wakwe walishajitolea gari lao jipya. Mzee akagoma: Yasinta aliletwa na Pijo hii kutoka hospitali alikozaliwa, na ndiyo itakayomtoa nyumbani. Ikizima njiani, pilau la harusi atalila ameinama.

Nikafungua plagi. Nyeusi tii, zimelowa petroli. Mafuta mengi, hewa kidogo.

“Basi punguza mafuta kwenye pampu,” mzee akanipa bisibisi.

“Baba, daktari anayekata mguu kabla hajavua kiatu, mimi simtaki.”

Pampu ya gari hili haijui kompyuta. Inafuata mguu wako kwenye akseleta na mzunguko wa injini, inamwaga. Hewa imeingia, haijaingia, si shauri lake. Ni mpishi anayemimina maji ya ugali bila kutazama unga. Ukipata uji, usikimbilie kulaumu maji.

Nikachomoa bomba la hewa linalotoka kwenye eya klina, lile kopo la kuchujia hewa, nikawasha. Injini ikakohoa, ikatulia, ikaanza kuimba. Moshi ukakatika.

Mzee naye ghafla akaanza kukagua mawingu.

“Baba, humu kwenye eya klina umeweka nini?”

“Vumbi la njia ya Bahi si unalijua? Niliongeza chujio kidogo tu.”

Nikafungua. Kitambaa, kimekunjwa na kukunjwa tena, kimekazwa kwa kamba kama mtoto mgongoni. Nikakikung'uta. Zambarau. Maua ya dhahabu.

“Bartolomayo!” Siku zote mama yule humwita Baba Yasinta.

“Nilidhani ni mabaki, mama…”

“Nimemtukana fundi wa watu mbele ya kwaya nzima!”

Nikafunga eya klina bila kilemba. Pijo ikaondoka safi, sauti laini kama paka aliyeshiba.

Kanisani Yasinta alishuka mweupe pe, na wakwe wakalizunguka gari wakiomba kupiga nalo picha. Mama Yasinta alipita kichwa wazi, kwa madaha. Mzee alikuwa na tai mpya, ya zambarau, pana kama kitaulo, vumbi la Bahi bado limo kwenye mikunjo. Mkewe alimwongoza moja kwa moja hadi kwa fundi cherehani, akaombe radhi kabla ya ibada.

Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama shingoni.

“Nimesamehe, mzee. Ila hiyo, usimwambie mtu nimeshona mimi.”