Maji Matupu Yalisema Nini

Namba ilikuwa tamu mno. Maji yaliyochanganywa na chembe za alumina, yaani unga wa oksidi ya alumini, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya maabara haikuziona, yalipitisha joto zaidi kuliko maji matupu kwa karibu nusu nzima. Mtafiti alipima tena, ikatoka ileile. Alasiri hiyo mkuu wa idara angeamua: abaki na kifaa cha kupimia joto, au apewe mwingine.

"Wifi, tumeula!"

Wifi yake, mke wa kaka yake na fundi wa maabara, alikuwa kitini, tumbo la miezi ya mwisho limemtangulia, feni ikimpulizia kutoka meza ileile ya vipimo. Mtafiti ndiye aliyemwekea, kwa huruma.

"Maji matupu yalisema nini?"

"Si yanajulikana? Yako kitabuni."

"Ya kitabuni hayako kwenye hiyo chupa. Pima, usiniletee uvivu wa ukoo wenu."

"Ukoo uliokuoa!"

"Mapenzi yalinipofusha."

Mtafiti akacheka, akajaza maji matupu, akatumbukiza waya mwembamba kama unywele na kuupasha kwa umeme. Kadiri joto linavyoutoroka waya upesi, ndivyo kimiminika kinavyolipitisha vizuri. Namba ikatokea. Kicheko kikamkauka. Maji matupu nayo yalikuwa yamepanda, bila chembe hata moja.

Akaweka kiganja mezani. Meza ilitetemeka. Feni ilikuwa ikiyatikisa maji, nayo yalibeba joto kwa kuchezacheza kwake tu.

"Ni feni," alisema kwa sauti ndogo.

"Izime basi! Mbona wanitazama kama unanifukuza nyumbani?"

"Utaiva, wifi."

"Nitaiva. Shangazi mtu atalipa kwa kufua nepi."

Wakasubiri maji yatulie. Maji matupu yakarudi palepale pa kitabuni. Yenye chembe yakapanda kidogo tu, kidogo cha kuvunja moyo. Lakini kila alipopima, kidogo kile hakikuyumba.

Mbele ya mkuu wa idara alieleza yote, hata ile namba tamu na kilichoizaa.

"Ndogo," mkuu alisema, akiikagua tena. "Lakini hii naiamini. Kaa na kifaa. Ongeza chembe polepole, tuone itafika wapi."

Alirudi mbio. Wifi alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa koti jeupe.

"Amesemaje?"

"Tuendelee."

"Lete chupa basi, kabla huyu hajaamua kuzaliwa."