Wabebaji wa Mbele

Verlene Mabry alikuwa akipiga pasi shati la mwanawe, na tangu Jumanne hakuwa amelia. Siku hiyo Lavell, mwanawe huyo, aliuawa kwa risasi baada ya kuwapeleka majirani weusi mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Mazishi yalikuwa kesho. Hapo hapo jikoni, mbele ya mabakuli ya kuku wa kukaanga yaliyoletwa na akina mama wa kanisa, wanaume wawili walibishana: Mchungaji Oglesby na Hosea Grubbs, seremala aliyepigana vita Ulaya, akarudi nyumbani Mississippi, Marekani, na kuunda kikosi cha kuwalinda weusi wenzake.

"Tutapita mbele ya mahakama mikono mitupu," alisema Mchungaji. "Nchi nzima itatuona."

"Itatuona tukianguka. Pale kiwanda cha mbao wazungu wanatusubiri. Utawapiga kwa zaburi?"

"Na wewe, kwa bunduki ishirini utalishinda jimbo zima?"

"Silitaki jimbo. Nataka tufike makaburini bila jeneza la pili."

Mchungaji akageuka. "Dada Verlene, neno ni lako. Na bunduki, au bila?"

Verlene aligeuza kola. Maneno yalimfikia kama redio ya nyumba ya jirani.

"Kila Ijumaa usiku Lavell alikaa barazani kwako, Mchungaji, akikulinda na bunduki ya Hosea mapajani. Ulijua?"

Mchungaji alitazama sakafu. "Nilikuwa nazima taa nisimwone."

"Na kila Jumapili alivaa glavu nyeupe, akawaonyesha watu viti kanisani. Hosea, ulimcheka."

"Nilimcheka, dada. Nilimwita malaika wa mlangoni."

Verlene alingoja kitu kimchome moyo. Hakuna kilichomchoma. Pasi ilikuwa nzito, basi.

"Mtabeba jeneza nyinyi wawili. Mbele."

"Mchungaji habebi, dada," alijibu Oglesby. "Anatangulia na Biblia."

"Kesho anabeba."

"Na mimi nikibeba," Hosea alisema, "bunduki nitaishika kwa meno?"

"Watu wako watajificha na bunduki zao kwenye shamba la pamba kando ya barabara. Wewe utabeba."



Kesho yake jeneza lilikwenda limeinama upande, maana Hosea alikuwa mrefu na Mchungaji mfupi.

"Inama, jitu wewe," Mchungaji alinong'ona.

"Nyanyuka wewe. Umezoea mno kupiga magoti."

Walipita mahakamani. Penye kiwanda cha mbao wanaume weupe walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na mmoja akatema mate miguuni pao. Mkono wa Hosea ukaenda kiunoni, ukakuta mshipi mtupu. Mchungaji aliuona. Hakumkemea, alitupa jicho kwenye pamba, mara moja, kama anayetaka kujua watu wa Hosea wako wangapi. Kisha wakaendelea, hatua kwa hatua, nyuma yao Verlene akitazama tu visigino vyao.

Walifika wote makaburini. Jeneza lilipowekwa chini, Mchungaji alishindwa kunyoosha bega, na Hosea akamkanda kwa kiganja chake kikubwa bila kumtazama usoni. Verlene aliona. Machozi hayakuja. Alisogea, akasimama katikati yao, akasubiri wimbo uanze.