Mchanga Mbele ya Magurudumu

Wengine huamka asubuhi kusafisha. Mke wa Dereva huamka kuchafua. Watu humletea vichwa vya treni vya mfano, vidogo vya kutosha kulala kiganjani, vikiwa bado vinang'aa na kunukia boksi la dukani, naye huwarudishia vikiwa na kutu, masizi na mafuta yaliyochuruzika, kana kwamba vimevuta mizigo tangu babu zetu wakiwa watoto. Majirani waliposikia kwamba kuna watu wanaolipa ili vitu vyao vichafuliwe, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alimletea sufuria lililoungua, akamwambia, "Fundi, hili nimeshakuanzia." Tangu hapo jina la Fundi likamganda, na hata mumewe akaanza kumwita hivyo.

Meza yake ilikuwa chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Hapo palikuwa na brashi zenye ncha kama sindano, vikopo vya poda alizosaga mwenyewe kwa chaki na kutu halisi, vipande vya sifongo, na bastola ndogo ya kupulizia rangi. Poda hupakwa kwa brashi kavu na hukaa juu juu tu, hata pumzi inaweza kuiondoa. Kinachoifunga ni vanishi. Ikishapulizwa, doa limeshakaa, ujute usijute. Kwa hiyo Fundi hakuwahi kupuliza vanishi kabla mumewe hajakagua.

Dereva aliendesha treni za mizigo mpaka ajali ilipomwachia nyonga mbovu na kumtoa kazini. Sasa kazi yake ilikuwa kuvuta kiti, kuvaa miwani na kuuliza swali moja kwa kila doa: "Hili limetoka wapi?" Kama ni mafuta, Fundi alitakiwa aonyeshe mfuniko yalikovujia. Kama ni masizi, yalale upande ambao upepo huyalaza treni ikiwa mbioni. Doa lisilo na asili lilifutwa, na hakuna aliyebembelezwa. Siku moja alimfutisha ubavu mzima wa behewa kwa sababu michirizi ya kutu ilipanda badala ya kushuka. "Labda huko kwenu mvua hunyesha kutoka chini," alimwambia. Fundi alinuna hadi jioni, kisha akakubali kimoyomoyo kwamba mzee hakukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao, na baada ya ajali hawakuwa na nyingine.

Katika ajali hiyo alikufa mdogo wake Fundi, kitindamimba wa kwao, ambaye alikuwa msaidizi wa Dereva kwenye kichwa kilekile. Alikuwa mwembamba, watu wakimwita Kijiti, na ni shemeji yake huyohuyo aliyemtafutia kazi reli. Treni ilikuwa ikishuka mteremko kwenye mvua, na huko chini, karibu na stesheni, mabehewa ya mawe yalikuwa yamesahauliwa juu ya njia yao. Dereva aliwaeleza wakubwa wa reli, akawaeleza ndugu msibani, akamweleza mkewe chumbani, na kila mara maneno yalikuwa yaleyale. Alivuta breki hadi mwisho. Alikanyaga mchanga. Magurudumu yakateleza tu. Akapiga kelele, "Kijiti, ruka!" akaruka, akidhani kijana anamfuata. Kijiti hakuruka.

Mchanga ndio msaada wa mwisho wa dereva. Kichwa cha treni hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku yake, na dereva akikanyaga pedeli iliyo mguuni pake, unamwagika kwa mirija mbele ya magurudumu ili yapate kushika reli. Asiyejua treni husikia neno breki akatosheka. Familia ya Fundi ilijua treni, ndiyo maana neno mchanga ndilo lililowatuliza.

Miaka ilipita bila mama yao kutaja kifo kile. Kisha Jumapili moja, Fundi akimsuka nywele, mama akasema, "Nitengenezee gari la mdogo wako. Lakini lisiwe jipya. Nalitaka lilivyokuwa siku ile."

"La nini, mama?"

"Nataka nione kwa macho yangu kwamba kila kilichowezekana kilifanyika. Nisije nikafa bado najiuliza."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na kazi ambayo hakutamani na ambayo asingeweza kuikataa. Mama yake aliomba amani, basi, na yeye ndiye mwenye brashi.

Dereva alikuwa mkali kwenye kazi ile kuliko zote. Alikumbuka kila kitu: mkwaruzo chini ya taa ya kushoto, rangi iliyobanduka mlangoni pale Kijiti alipokuwa akiegemeza goti, tope jekundu la mteremkoni hadi kimo fulani wala si zaidi. Fundi alipaka, yeye akakagua, na mara mbili tatu alimwona akijifuta macho. Alimpenda sana siku hizo. Alijiambia kwamba mwanaume anayelilia shemeji yake namna hii ni wa kushukuriwa.

Mchanga aliuacha uwe wa mwisho. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga bati, naye alichanganya poda ya rangi ya biskuti, akaipitisha chini ya kila mrija na kuiacha nyingine imerukia fremu, kama mchanga unavyofanya ukitoka kwa nguvu. Ilitoka vizuri mpaka akajipongeza. Akamwita hakimu wake.

Dereva alikaa, akainama. "Huu weusi wa magurudumuni?"

"Vyuma vya breki vimesagika."

"Ongeza. Siku ile vilibana mpaka vikafuka moshi." Fundi akaongeza. Kidole cha Dereva kikasogea mbele kidogo. "Na hii futa."

"Ipi?"

"Hii ya mirijani. Mchanga haukutoka."

Alilisema kwa sauti yake ya ukaguzi, sauti ya mtu asiyevumilia doa la uongo. Fundi alikuwa ameshachukua brashi ya kufutia. Mkono ukamfia hewani.

"Ulisema uliukanyaga," alisema.

Dereva alivua miwani. Ulimi ulikuwa umeteleza, na wote wawili walijua. Fundi, maskini, alimpenda kiasi kwamba alimtafutia pa kutokea. "Au mirija iliziba?" alimuuliza. "Mvua ile, na tope lile. Mirija huziba."

Mwongo mzuri angeudaka mlango ule na kuufunga nyuma yake. Lakini mume wa Fundi alikuwa amekaa miaka mezani pale akikataa sababu zisizo za kweli, na hata sasa hakuweza kuiachia moja ipite.

"Haikuziba," alisema. "Niliijaribu mwenyewe asubuhi ya siku ile."

Fundi alikitazama kile kichwa cha treni. Ndani yake alikuwa ameweka viti viwili, kulia cha dereva, kushoto cha msaidizi, na katikati mkono wa breki. Mtu wa kushoto akijinyoosha sana, anaufikia. Pedeli ya mchanga hawezi kuifikia hata awe na miguu ya twiga.

"Breki alizivuta Kijiti," alisema.

Dereva aliikunja miwani yake.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesharuka."

"Ulimwambia aruke?"

"Sikumwambia kitu. Niliyaona yale mabehewa, halafu nikajikuta kwenye kokoto. Sikuamua, Fundi. Mwili uliamua. Nilipoinua kichwa nikaona moshi unatoka magurudumuni, nikajua amejinyoosha." Akaweka miwani juu ya meza. "Nilimwacha."

Fundi alimchukia. Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha: alimchukia kwa miguu ile iliyoruka, kwa machozi yale ya juzi, na kwa kila sahani ya chakula aliyomwekea tangu msiba. Alifuta mchanga, kama alivyoambiwa, akaenda kulala chumba cha wageni.

Mvua haikukatika. Vanishi haipulizwi kwenye unyevu, kwa sababu hugeuka nyeupe kama maziwa na kuharibu kazi yote, hivyo kichwa cha treni kikakaa mezani kikisubiri jua, na mle nyumbani watu wawili wakapishana ukumbini wakiombana njia kama wapangaji. Fundi alipika, akala peke yake. Alifunga nguo zake kwenye begi, akazifungua, akazipanga tena kabatini. Wapo watakaosema angemfukuza siku ileile. Ni rahisi kumfukuza mume wa mtu mwingine.

"Utamwambia mama?" Dereva alimuuliza asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama ameomba aone kwamba kila kilichowezekana kilifanyika," Fundi alijibu. "Nikamwonyeshe nini? Kiti kitupu?"

Aliwaza na kuwazua. Mama alikuwa mzee, moyo wake haukuwa mzima, na mkwe huyu alikuwa akimwita mwanangu. Kumwambia ni kumzikisha watu wawili. Kunyamaza kungemgharimu Fundi peke yake, na yeye alijihesabu kuwa anaweza kulipa.

Jua lilipotoka alifungua dirisha, akakaa. Alichukua kikopo cha poda ya rangi ya biskuti, akaurudisha mchanga chini ya kila mrija, mzuri kuliko wa kwanza. Dereva alimwona, na safari hii hakuuliza limetoka wapi. Fundi akajaza bastola vanishi isiyong'aa, akapuliza kutoka kulia kwenda kushoto, mkono ukiwa imara. Lilikuwa doa la kwanza la uongo kutoka meza ile, na likakauka bila kasoro.

Walikipeleka pamoja, kwa kuwa mama angeuliza mkwe yuko wapi. Mama alitandika kitambaa cheupe mezani, akavaa miwani yake yenye mkono uliofungwa uzi, akakisogeza kichwa cha treni karibu na pua. Hakukigusa. Aliuliza moja moja, akionyesha kwa kidole, naye Fundi akajibu: hilo ni tope, huo ni moshi, hapo alikuwa akiegemeza goti. Hapo kwenye goti kidole cha mama kilikawia.

"Na huu weupe, chini hapa?"

"Mchanga, mama."

"Aliokanyaga mkwe wangu."

"Ndiyo," Fundi alisema. Dereva alikuwa akiangalia kikombe chake cha chai.

Mama aliegemea kiti. Uso wake ulilegea, na Fundi akashusha pumzi akidhani kazi imefanyika.

"Basi sasa naweza kuwaambia," mama alisema. "Mimi mtoto yule nilimnunia. Kumzika nilimzika, lakini kaburini sijarudi. Nyie mnadhani ni miguu yangu. Si miguu. Nilikuwa na hasira naye. Mwenzake kavuta breki, kamwaga mchanga, kamwambia ruka, yeye kakaa tu. Ubishi uleule wa utotoni, ukimwambia njoo, haji. Nikasema, huyu ameniachia kilio kwa ukaidi wake mwenyewe. Hata kumwombea nilishindwa." Akagonga meza taratibu kando ya treni. "Lakini leo nimeona. Mchanga wote huu, na bado halikusimama. Hata angeruka, nani ajuaye. Nimemsamehe. Kesho mnipeleke nikamwambie."

Fundi aliutazama ule mchanga wake. Alikuwa amehesabu gharama ya kila mtu aliye hai, na ya marehemu hakuihesabu.

"Mama," alisema, "hakuambiwa aruke."

"Nani?"

"Kijiti. Hakuna aliyemwambia. Na mchanga huo nimeupaka mimi. Siku ile hakuna aliyeukanyaga, kwa sababu kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Aliyevuta breki ni mwanao."

Mama hakumtazama yeye. Alimgeukia mkwewe, akavua miwani ili amwone vizuri kwa mbali.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mama," Dereva alisema. Alitaka kupiga magoti, nyonga ikamgomea, akabaki ameinama akishikilia ukingo wa meza.

Fundi alisubiri kilio, au laana, au mama ashike kifua. Hakuna kilichokuja.

"Alijinyoosha kutoka upande wake?" mama aliuliza.

"Alijinyoosha."

"Na mkono ulifika?"

"Ulifika, mama. Breki zilishika. Kama asingezivuta, lile gari lingeingia stesheni lote."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Nami nimemnunia," alisema. "Miaka yote hii nimemnunia mtoto aliyekuwa kazini."

Akasukuma kiti nyuma. "Nipe viatu vyangu," alimwambia Fundi. "Siendi kesho. Naenda sasa."

Fundi alipiga magoti akamvisha. Dereva akajikongoja kuja kumshika mama mkono, kama alivyomshika siku zote kwenye ngazi za mbele.

"Wewe kaa," mama alimwambia.

Akakaa.